Sheria ya Makosa ya Mtandao (Tanzania)

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni sheria ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inayotaja makosa yanayotendwa kwa kutumia kompyuta, simu na mifumo mingine ya mawasiliano, adhabu zake, na namna ya kuyapeleleza. Ni Sheria Na. 14 ya mwaka 2015, na katika mkusanyo wa sheria za nchi ni Sura ya 443. Ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Inatumika Tanzania Bara na Zanzibar pia, isipokuwa kifungu cha 50, ambacho hakivuki kwenda Zanzibar.

Tangu siku zake za mwanzo sheria hii imetazamwa kwa macho mawili. Kwa mtu aliyeibiwa akiba yake kwa simu, ni kinga iliyochelewa kuja. Kwa waandishi wa habari, mawakili na watetezi wa haki za binadamu, baadhi ya vifungu vyake vimekuwa fimbo ya kuwachapa wanaoikosoa serikali. Mitazamo yote miwili ina ushahidi wake.

Kabla ya mwaka 2015

Kwa muda mrefu Tanzania haikuwa na sheria mahususi kuhusu kompyuta. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) ilitungwa wakati wa ukoloni, ambapo wizi ulikuwa ni kuchukua kitu kinachoshikika na kughushi kulikuwa ni kazi ya kalamu na karatasi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 nayo ilitaka nyaraka halisi. Swali likawa: je, karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki ni nyaraka halisi?

Swali hilo lilifika Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, katika kesi ya Trust Bank Tanzania Ltd dhidi ya Le-Marsh Enterprises Ltd na wenzake (Kesi ya Biashara Na. 4 ya mwaka 2000). Jaji Nsekela aliamua kwamba kumbukumbu za benki zilizotunzwa kwa kompyuta zinaweza kupokelewa kama vitabu vya benki, akieleza kuwa mahakama haiwezi kufumba macho mbele ya mabadiliko ya teknolojia. Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri, lakini ulihusu mashauri ya biashara. Mwaka 2007 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ushahidi ili ushahidi wa kielektroniki upokelewe katika kesi za jinai pia.

Wakati huo huo mambo yalikuwa yanakwenda mbio nje ya mahakama. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kuwa ya haraka zaidi. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, maarufu kwa kifupi chake EPOCA, iliyolazimisha kila laini ya simu isajiliwe kwa jina la mwenyewe. Sheria hiyo iligusa makosa machache tu. Aliyeingia kwenye mfumo wa benki bila ruhusa na kuhamisha fedha bado alikuwa anatafutiwa kifungu cha kumshtaki.

Kutungwa kwake

Muswada uliwasilishwa bungeni Dodoma na Profesa Makame Mbarawa, aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano, Sayansi na Teknolojia, na kupitishwa tarehe 1 Aprili 2015. Pamoja nao ilitungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki (Na. 13 ya 2015), ambayo inatambua mikataba na saini za kielektroniki na kuweka masharti ya kupokea ushahidi wa aina hiyo. Sheria hizi mbili ni kama mapacha: ya kwanza inakataza, ya pili inaruhusu. Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Makosa ya Mtandao mwezi huo huo wa Aprili.

Lawama zilianza mapema. Wapinzani walisema muswada haukujadiliwa na wadau kwa muda wa kutosha, na kwamba uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki miezi michache. Muswada wenyewe, kama miswada mingine ya wakati ule, uliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wananchi wengi waliotakiwa kuitii sheria hawaisomi.

Makosa na adhabu

Sehemu ya pili ya sheria, kuanzia kifungu cha 4, inaorodhesha makosa. Mengi yanahusu mfumo wenyewe: kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, kuendelea kubaki humo baada ya muda wa ruhusa kwisha, kunasa mawasiliano ya wengine, kuharibu au kufuta data, kupeleleza data za siri, kuvuruga utendaji wa mfumo, na kumiliki kifaa au programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda makosa hayo. Neno «mfumo wa kompyuta» limefafanuliwa kwa upana, kiasi kwamba simu ya mkononi nayo imo.

Makosa mengine ni ya zamani yaliyovaa nguo mpya. Kughushi kwa kompyuta (kifungu cha 11) na udanganyifu kwa kompyuta (kifungu cha 12) kila kimoja kina faini isiyopungua shilingi milioni 20, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta kumo katika kifungu cha 15. Picha za ngono zinazohusisha watoto, yaani walio chini ya miaka 18, zina adhabu nzito kupita nyingi: faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Kuna pia vifungu dhidi ya maandishi ya ubaguzi wa rangi, uchochezi wa mauaji ya kimbari, unyanyasaji wa mtu kwa njia ya mtandao (kifungu cha 23) na uvunjaji wa haki za wabunifu.

Jambo moja linastahili kuangaliwa na kila anayesoma sheria hii kwa mara ya kwanza. Karibu adhabu zote zimeandikwa kwa mtindo wa «isiyopungua». Sheria nyingi huweka kiwango cha juu na kumwachia hakimu ashuke kulingana na uzito wa kosa. Hii imeweka sakafu bila dari. Kijana aliyechungulia barua pepe ya mwenzake kwa utundu na mhalifu aliyelipwa kufanya hivyo wote wanaanzia mahali pamoja, faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja kwa kosa la kuingia bila ruhusa. Hakimu anaweza kumwongezea wa pili, lakini nafasi ya kumpunguzia wa kwanza ni finyu.

Kifungu cha 16

Hiki ndicho kifungu kilichozungumzwa kuliko vyote. Kinasema ni kosa kuchapisha katika mfumo wa kompyuta taarifa ambayo mchapishaji anajua kuwa ni ya uongo, ya kudanganya, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Kwa jinsi kilivyoandikwa, upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba mshtakiwa alijua taarifa si ya kweli, na kwamba alikuwa na nia mbaya. Aliyesambaza ujumbe akiamini kuwa ni kweli hajatenda kosa hili, ingawa watu wengi hawalijui hilo. Ugumu uko kwenye maneno «isiyo sahihi» na «kupotosha», ambayo ni mapana mno. Kosa la takwimu katika habari ya gazeti la mtandaoni linaweza kuitwa taarifa isiyo sahihi, na hata mtu akiachiwa huru mwishoni, amekwisha kukaa rumande, simu na kompyuta yake zimechukuliwa, na kazi imesimama.

Kifungu hiki kilitumika haraka. Baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 25 Oktoba 2015, polisi walivamia kituo cha waangalizi wa ndani wa uchaguzi kilichokuwa chini ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) jijini Dar es Salaam, wakachukua kompyuta na simu. Vijana waliokuwa wakijumlisha matokeo kwa ajili ya chama cha upinzani CHADEMA nao walifikishwa mahakamani. Mwaka 2016 mahakama mjini Arusha ilimtia hatiani mtu aliyeandika maneno ya kumtusi Rais John Magufuli kwenye Facebook, ikamhukumu kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3.

Matokeo yake yalivuka mipaka. Mwezi Machi 2016 Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC) lilisimamisha ushirikiano wake na Tanzania na hivyo msaada wa zaidi ya dola milioni 470, ambao sehemu kubwa ulilenga umeme. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili: uchaguzi wa marudio wa Zanzibar, na jinsi Sheria ya Makosa ya Mtandao ilivyotumika wakati wa uchaguzi.

Upelelezi

Sehemu ya nne inawapa polisi nyenzo za kazi. Chini ya kifungu cha 31, mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa vyombo vya dola mwenye cheo kinacholingana naye, anaweza kuingia mahali, kupekua na kuchukua kifaa kinachohusiana na kosa. Kifungu cha 32 kinampa mamlaka ya kumtaka mtu yeyote mwenye data atoe data hizo kwa ajili ya upelelezi. Kwa hatua hizi za mwanzo amri ya mahakama si lazima, na hapo ndipo wakosoaji wanapokita hoja yao. Kwa hatua zinazoingilia zaidi, kama kukusanya maudhui ya mawasiliano au kutumia vifaa maalumu vya uchunguzi, polisi wanapaswa kwenda mahakamani.

Anayezuia upelelezi ana kosa chini ya kifungu cha 22. Kifungu hiki kifupi ndicho kilichozaa kesi iliyofuatiliwa sana na vyombo vya habari. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo, mkurugenzi wa Jamii Media, alikamatwa baada ya kampuni yake kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji walioandika tuhuma mbalimbali kwa majina ya bandia. Yeye na mwenzake Micke William walifunguliwa mashauri matatu katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Moja lilimalizika mwaka 2018 kwa wao kuachiwa. Katika la pili, mwezi Aprili 2020, Melo alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi na kutozwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. La tatu lilimalizika Novemba 2020 kwa Melo kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa mwaka mmoja, na William kuachiwa huru. Miaka minne ilipita kati ya kukamatwa na hukumu ya mwisho.

Changamoto ya kikatiba

Wakili Jebra Kambole alifungua shauri Mahakama Kuu dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali (Shauri Na. 32 la 2015), akidai kwamba vifungu vingi vya sheria hii vinakiuka Katiba, hasa Ibara ya 16 inayolinda faragha na Ibara ya 18 inayolinda uhuru wa maoni. Mwishoni mwa mwaka 2016 mahakama ilikataa sehemu kubwa ya madai hayo. Ilikubaliana naye juu ya kifungu kimoja, cha 50, kilichomruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kumalizana na mtuhumiwa aliyekiri kwa kumtoza fedha. Mahakama iliona kinakiuka haki ya kusikilizwa iliyomo katika Ibara ya 13(6)(a), ikaipa serikali miezi 12 kukirekebisha. Jamii Media nayo ilipinga kifungu cha 32 na kushindwa mwaka 2017.

Watoa huduma

Kampuni za simu na za kuhifadhi tovuti hazilazimiki kuchunguza kila kinachopita katika mitambo yao, wala haziwajibiki kwa kosa la mteja ambalo hazikulijua. Zikishapata taarifa rasmi kwamba maudhui fulani ni haramu, zinatakiwa kuchukua hatua.

Utapeli wa simu na mwananchi wa kijijini: mfano wa Ugweno

Kelele za kisiasa zimefunika upande ambao unawagusa watu wengi zaidi. Mwananchi wa kawaida hukutana na kosa la mtandao katika ujumbe mfupi: «Ile hela tuma kwenye namba hii.» Ujumbe huu umesambaa hata kuwa mzaha, lakini hufanya kazi kwa sababu kati ya maelfu wanaoupokea, yupo ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela.

Ugweno, katika Upare Kaskazini, Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro, ni mfano mzuri wa mahali ambapo utapeli huu hupata mwanya. Ni eneo la migomba na kahawa juu milimani, ambalo vijana wake wengi wameondoka kutafuta kazi Dar es Salaam, Arusha, Moshi na kwingineko. Wanaobaki ni wazazi, na fedha za ada, za matibabu na za misiba huja kutoka mjini. Zamani ziliwekwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa kwa ndugu anayepanda basi. Sasa zinakuja kwa simu na kutolewa kwa wakala. Urahisi ni mkubwa. Lakini mama aliyezoea kupokea simu ya ghafla kutoka mjini ndiye anayeweza kuamini pia simu ya mtu anayejiita daktari au mwalimu na kusema, «Mwanao ameanguka, tuma haraka hela ya dawa.»

Wagweno wana lugha yao, Kigweno, ambayo kwa muundo iko karibu na Kichaga kuliko Kipare cha majirani zao. Mzee anaweza kumbaini tapeli kwa kumsalimu kwa Kigweno na kusubiri jibu. Kinga hiyo inapungua nguvu mwaka hadi mwaka, kwa kuwa vijana wengi hawakizungumzi tena na hata mtoto wa kweli anaweza kujibu kwa Kiswahili.

Kisheria tapeli wa namna hii anaweza kushtakiwa kwa njia zaidi ya moja. Udanganyifu wa kifungu cha 12 unahusu hasa kuchezea data au mfumo, na tapeli wa ujumbe mfupi mara nyingi hachezei chochote, anamchezea mtu. Kwa hiyo kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu bado lina kazi, pamoja na kujifanya mtu mwingine chini ya kifungu cha 15 na makosa ya EPOCA kuhusu matumizi ya laini. Umbali hauondoi kosa. Tapeli akiwa mkoa mwingine na aliyeibiwa akiwa Kifula au Shighatini, kesi inaweza kusikilizwa kule kitendo kilikofanyika au kule hasara ilikotokea. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu.

Kinachokwamisha haki ni mambo madogo madogo. Aliyeibiwa hufuta ujumbe kwa hasira au aibu, na ushahidi unakwenda nao. Huchelewa kuripoti, na fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha. Kiasi kilichopotea, pengine shilingi elfu hamsini, kinaweza kumezwa na nauli za kushuka mlima kwenda Mwanga mjini na kurudi, siku ya kuandikisha na siku za kutoa ushahidi. Wengi huamua kunyamaza, na tapeli huendelea na mwingine.

Hatua zinazosaidia zinajulikana: kutofuta ujumbe, kupiga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao husika ili muamala uzuiwe, kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, na kuandikisha taarifa polisi na kupewa namba ya RB. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na mwanzoni mwa 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Mtu anaweza kupiga *106# kuona ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Si jambo la kupuuza. Matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, mara nyingi wazee walioombwa na msajili asiye mwaminifu «waweke kidole tena, mashine haijasoma», na polisi wakifuata namba huishia mlangoni kwa mtu asiyejua lolote.

Sheria zilizofuata

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (Na. 11 ya 2022) ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikaunda tume ya kusimamia namna taasisi zinavyokusanya na kutunza taarifa za watu. Sheria ya 2015 ilimwadhibu mwizi wa data. Hii inamwajibisha pia aliyepewa kuzitunza. Kanuni za maudhui mtandaoni, zilizotolewa kwanza mwaka 2018 chini ya EPOCA na kuandikwa upya mwaka 2020, ziliweka leseni kwa watoa maudhui.

Nchi jirani

Kenya ilitunga sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao Mei 2018. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani, na vifungu 26 vikasimamishwa hadi Mahakama Kuu ilipoamua Februari 2020 kwamba sheria haikiuki Katiba. Uganda ilikuwa na sheria tangu 2011. Kifungu chake cha 25, kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023 kwa kuwa hakikueleweka mipaka yake, hoja inayofanana na ile inayotolewa Tanzania dhidi ya maneno ya kifungu cha 16.

Kimataifa, mkataba wa kwanza ni wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Budapest mwaka 2001. Umoja wa Afrika ulipitisha wake mjini Malabo, Guinea ya Ikweta, Juni 2014, nao ulisubiri hadi Juni 2023 kuanza kutumika, baada ya kupata idadi ya nchi zinazohitajika. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wake dhidi ya uhalifu wa mtandao Desemba 2024.